Vifuniko vya Kijani

Kila fundi wa matairi anajua jambo moja asilolisema mbele ya mteja: upepo wa kawaida hauna ubaya wowote. Huu huu tunaouvuta puani, sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni tayari. Mtu akija kwangu nimtie naitrojeni tupu, ananilipa nimwondolee kile kidogo kilichobaki. Faida ipo, siwezi kukataa. Tairi linachelewa kupungua, na likipata joto halivimbi sana. Kwenye ndege hilo ni jambo kubwa. Kwenye gari la kwenda sokoni na kurudi, tuyaache hayo.

Nilikuwa nayajua yote hayo siku nilipoileta mashine. Ninayasema mapema ili mtu asije akanitetea kwamba nilidanganyika.

Karakana yangu iko kando ya barabara, imebanwa kati ya duka la rangi na chumba cha fundi cherehani. Mashine ilikuja ndani ya sanduku la mbao, ndefu kama kabati la nguo, ina taa ya buluu kifuani na mlio wa chini wa paka aliyeshiba. Pamoja nayo ulikuja mfuko wa vifuniko vya kijani, vile vidogo vya kufunikia pale pa kutilia upepo, ili kila apitaye ajue gari hili linatiwa naitrojeni. Hivyo vifuniko ndivyo vilivyofanya kazi kuliko mashine. Kilichomo ndani ya tairi hakuna anayekiona, lakini kijani kinaonekana. Haukupita mwezi, watu wa mtaa wakawa wanatazamana magurudumu. Mwenye vifuniko vyeusi alijiona kama amekuja harusini na ndala.

Nami nikawa mhubiri. Mteja akishuka garini hajafunga mlango, nimeshaanza: naitrojeni hivi, naitrojeni vile, punje zake nene, hazipenyi kwenye mpira. Fundi cherehani, mama mmoja ambaye neno halilali tumboni mwake, alinibatiza Profesa wa Upepo. "Profesa, darasa la leo saa ngapi?" aliniuliza kila asubuhi akifungua dirisha lake. Nilicheka naye. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, na kicheko changu kilikuwa cha mtu anayeona anastahili jina hilo.

Ila mtu niliyetaka anisikilize kuliko wote alikuwa baba mkwe.

Baba mkwe aliendesha basi dogo la shule ya chekechea kwa miaka thelathini na moja. Shati limepigwa pasi, na kwenye mfuko wa kifuani, pale wenzake wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka kipimo cha upepo. Kila asubuhi, kabla hajamchukua mtoto wa kwanza, alilizunguka basi lile. Alichuchumaa kwenye kila tairi, akafungua kifuniko, akapima, akatikisa kichwa kuridhika, akafunika. Hata tairi la akiba, lililokaa chini ya sakafu halijagusa barabara mwaka mzima, nalo alilipima. Watu wakamwita Mzee Vipimo, naye jina alilipenda. Wapo wazazi walioichagua shule ile kwa sababu yake, siyo kwa sababu ya walimu.

Hakuwahi kunisema vibaya. Taabu ilikuwa hapo: hakuwahi kunisema chochote. Nilipokwenda kumposa binti yake aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi wa matairi. "Kutia upepo," akasema, akajimiminia chai. Basi, posa ikakubaliwa, ndoa ikafungwa, tukapata watoto wawili, na kwa miaka kumi na moja aliniita "fundi". Mkwe mwenzangu, mfanyakazi wa benki aliyemwoa shemeji yangu juzi tu, yeye mzee alimwita "mwanangu". Mtu mzima haumwi na vitu kama hivyo, eti. Mimi viliniuma mpaka nikawa nikisalimiwa naye nakunja uso bila kujua.

Siku moja akaja mwenyewe na basi. Alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma, akaitazama taa ile ya buluu.

"Tofauti yake na upepo ni nini?" akauliza.

Nikammwagia somo lote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimfahamu. Mikono yangu ilikuwa na masizi mpaka viwikoni na bado nilijiona nimevaa suti.

"Ukishatia, Baba, unasahau," nikamalizia.

"Nasahau mpaka lini?"

"Miezi sita."

"Bila kupima?"

Hapo ndipo. Fundi mwenye akili angesema hapana, Baba, pima vile vile, msumari hauulizi ndani mna nini. Hata mwanafunzi wa wiki moja angesema hivyo. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayeuliza, na anayeulizwa ni mimi, na utamu wa jambo lile ulinipanda kichwani.

"Bila kupima," nikasema. Nikaongeza na chumvi: "Tena ukipima kila siku ndiyo unaipoteza. Kila ukifungua, kidogo inatoka."

Alilipa kama mteja mwingine yeyote, akaondoka na vifuniko vya kijani kwenye matairi yote, hata lile la akiba.

Jumapili iliyofuata tulikula kwake, ukoo mzima mezani. Katikati ya chakula alikitoa kile kipimo mfukoni, akakifuta kwa leso, akaninyooshea mbele ya watu wote. "Mwanangu, chukua," akasema. "Matairi yangu sasa yako mikononi mwako."

Mwanangu. Yule wa benki aliacha kutafuna. Mke wangu alinifinya goti chini ya meza kwa furaha, na mimi nikakipokea kipimo kwa mikono miwili nikiwa sijui nitazame wapi. Nilikitundika karakana, juu ya meza ya kazi, mahali ambapo kila mteja angekiona na kuuliza ni cha nani.

Mashine ilikufa mwezi wa nne tangu nilipoileta. Kichujio chake kiliziba. Aliyeniuzia aliniambia kipuri kitatafutwa, baadaye simu yake ikawa inaita tu. Ningeizima, ningewaambia watu imeharibika, wangenielewa, vitu vinaharibika. Lakini taa ya buluu ilikuwa bado inawaka. Mlio wa paka ulikuwepo. Nikapitisha mpira kwa nyuma mpaka kwenye kompresa yangu ya zamani, ile ya upepo wa kawaida, na kwa mbele hakuna kilichobadilika. Nikaendelea kufunga vifuniko vya kijani. Nilijipa moyo kwa hesabu ya ajabu: upepo ni naitrojeni sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo ninadanganya sehemu moja tu. Niliiamini hesabu hiyo kabisa, na nilikula vizuri na kulala vizuri.

Basi la shule nalo likaja kuongezwa. Baba mkwe alisimama tena kando ya mashine, mikono nyuma, akisifu ule mlio. Nilitaka aondoke upesi. Niliongeza upepo harakaharaka, na wala sikupitisha mkono kwenye matairi kutafuta msumari au kipande cha chuma, kazi ya dakika mbili ambayo mimi humfanyia hata mgeni nisiyemjua.

Baada ya wiki tatu, Alhamisi mchana, akiwarudisha watoto kwao, tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwenye kona ya darajani. Basi likalala ubavu ndani ya mtaro. Ndani walikuwamo watoto kumi na watatu. Binti mmoja wa miaka mitano alivunjika mkono juu ya kiwiko, wengine wakapata michubuko. Mzee aligonga kichwa kwenye kioo na kuumia goti, lakini watu walipofika walimkuta ameshawatoa wote dirishani, amewapanga kwenye majani, damu inamtiririka shingoni, anawahesabu. Walisema alikuwa anawahesabu upya kila akimaliza.

Kesho yake mwalimu mkuu wa ile shule alileta tairi karakana kwangu. Ni mama mpole, anayeongea na watu wazima polepole kama anaongea na watoto. "Wewe ni fundi, tena ni wa familia," akaniambia. "Tuchunguzie. Kesho tuna kikao na wazazi, uje utuambie ukweli."

Alipoondoka nililigeuza tairi. Pembeni lilikuwa limeungua na kuchanika, alama ya tairi lililokwenda mbali likiwa halina upepo wa kutosha. Kwenye kanyagio, pale tairi linapokanyaga barabara, nikaukuta msumari. Kichwa chake kilikuwa kimelika mpaka kinang'aa, maana yake ulikaa humo wiki mbili au tatu. Pengine ulikuwemo siku ile ile nilipokuwa na haraka. Tairi lilikuwa linapungua kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kipimo cha upepo kingesema asubuhi ya pili tu. Kipimo chenyewe kilikuwa kinaning'inia mbele ya macho yangu.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo nikinyoa. Wazo langu la kwanza halikuwa yule mtoto. Wala halikuwa yule mzee. Niliwaza: afadhali ni msumari. Penye msumari hata naitrojeni halisi ingetoka, kwa hiyo hakuna atakayeuliza ndani mlikuwa na nini. Nilishusha pumzi. Mtoto amefungwa plasta, na mimi fundi mzima nimekaa juu ya ringi, nashusha pumzi.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya darasa. Viti vilikuwa vile vya watoto, watu wazima tumekaa magoti yamefika kidevuni, na hakuna aliyecheka. Yule binti alikuwepo na mama yake, anachorachora kwenye plasta ya mkono wake kwa kalamu ya rangi. Baba mkwe alikaa peke yake karibu na mlango, bendeji kichwani, shati limepigwa pasi, mfuko wa kifuani hauna kitu.

Mwalimu mkuu akanipa nafasi. Nikasimama.

"Ni msumari," nikasema. "Tairi lilipungua polepole, likapata joto, likapasuka."

"Lingegundulika?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa njia gani?"

"Kwa kupima."

Nikakaa. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, hata moja halikuwa la uongo, na nilijisikia nimechafuka kuliko siku zote nilizodanganya.

Watu wote waligeuka kumtazama mzee. Mama wa yule binti ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa hasira. "Mzee wetu, sisi tunakuita Mzee Vipimo. Kwa nini hukupima?"

Baba mkwe akasimama, akishika ukuta kwa sababu ya goti. Alinitupia jicho mara moja tu, la haraka, kama dereva anavyotupia jicho kioo cha pembeni.

"Sikupima," akasema. "Nilizembea."

"Tangu lini?"

"Miezi kadhaa. Ni umri, mama. Nisamehe, na mtoto anisamehe."

Umri. Mtu aliyewatoa watoto kumi na watatu dirishani kwa mikono yake. Alitoa funguo za basi mfukoni, akaziweka juu ya meza ya mwalimu, akazisogeza kwa kidole mpaka zikawa sawasawa na ukingo wa meza.

Nafasi ilikuwepo. Asije mtu akaniambia haikuwepo. Palipita kimya cha kutosha mtu kunywa bilauri nzima ya maji, na kwenye kimya hicho ningeweza kusimama nikasema, jamani, mimi ndiye niliyemwambia asipime. Maneno matano tu. Nikatazama viatu vyangu. Yule binti akamuuliza, "Babu, Jumatatu utakuja?" Mimi nikazidi kutazama viatu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananisubiri kwenye kiti cha jikoni. Habari zilikuwa zimeshamfika.

"Baba yangu anapima maji ya kumwagilia maua," akasema. "Anapima chumvi. Leo niambiwe amezembea matairi? Ulimwambia nini wewe?"

Nilijaribu kuzunguka zunguka. Akanitazama tu. Nikamwambia yote, mashine na mpira wa kupitisha nyuma, miezi sita, ile chumvi niliyoongeza. Nilitarajia kelele, na wallahi ningezipokea kwa shukrani. Hakupiga kelele. Aliinuka akafunika sufuria, akasema, "Kesho tunakwenda kwake. Utasema mwenyewe, mimi nitakaa pale nisikilize."

Tulimkuta barazani, anapiga viatu vyake dawa, viatu vya kazi ambavyo havikuwa na kazi ya kwenda. Nikakaa ngazi ya chini. Kipimo kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa jasho. Nikaeleza.

"Kumbe mashine ilikufa," akasema.

"Ilikufa, Baba. Kabla ya mara ya mwisho ulipokuja."

"Kwa hiyo ulinitia upepo tu."

"Upepo tu."

Aliendelea kusugua kiatu. "Upepo hauna kosa," akasema baadaye. "Nimeendeshea upepo miaka mingi na haukuniangusha. Mimi nataka kujua ile ya kutopima. Uliposema vile, ulikuwa unaamini?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa njia nzima. Ningesema niliamini, ningebaki mjinga, na mjinga husamehewa.

"Sikuamini," nikasema. "Nilijua siyo kweli."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unanisikiliza, Baba." Nina miaka arobaini na mitatu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyekojoa kitandani.

Akakiweka kiatu chini. "Mimi jana nilinyamaza kwa ajili ya binti yangu," akasema. "Sikutaka mtaa umnyooshee kidole kwa sababu ya mumewe. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Mke wangu alikuwa ametazama getini, machozi yanamtoka na hayafuti.

Mzee alininyooshea mkono, nami nikampa kipimo chake. Nilidhani atakirudisha mfukoni yaishe. Badala yake alishuka ngazi, akachechemea mpaka nje, mahali nilipoegesha gari langu. Tulimfuata. Vifuniko vinne vya kijani vilikuwa vinang'aa juani. Mara ya mwisho kuyapima matairi yale ilikuwa lini? Sikumbuki hata mwezi. Alipiga goti lile lile bovu chini, akafungua, akapima.

"Mbele kulia, thelathini." Akasogea. "Mbele kushoto, ishirini na tisa." Akasogea tena, huku ameshika bodi ya gari. "Nyuma kulia, ishirini na nane."

Kwenye la nyuma kushoto alipima, akatazama, akapima tena.

"Kumi na tisa," akasema.

Nikainama. Karibu na ukingo wa kanyagio palikuwa na skrubu, imezama, kichwa chake kinang'aa.

"Binti yangu anapanda gari hili," akasema, bado amepiga goti, bila kupandisha sauti. "Na wajukuu zangu wanapanda."

Mke wangu alirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye gari, gari alilokuja nalo, akakunja mikono kifuani.

"Una pampu?" mzee akaniuliza.

"Ipo kwenye buti, Baba. Ya mguu."

"Leta. Utie upepo wa kutufikisha kwa mwalimu mkuu, ni hapo tu. Utamwambia kama ulivyoniambia mimi, mwanzo mpaka mwisho. Ukitoka hapo, utakwenda kwa mama wa yule mtoto, ukamwambie na yeye. Na kesho uzime ile taa yako ya buluu."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, fundi."

Lile neno lililoniuma miaka kumi na moja. Nililisikia pale na nikaona hata hilo amenipa kwa ukarimu.

Nikaleta pampu, imejaa vumbi. Nikaunganisha, nikaanza kukanyaga. Majirani walikuwa wanatoka majumbani mwao, wengine wakasimama kabisa kumtazama Profesa wa Upepo akikanyaga pampu ya mguu kando ya barabara, jasho linamdondoka puani. Hakuna aliyenitania, na ningependa mmoja wao angenitania. Mzee aliinama, akapima.

"Bado," akasema.

Nikaendelea kukanyaga.